Ng'ombe Hayumo katika Luka

Mama alikuwa na boksi la viatu lililokaa juu ya kabati mwaka mzima. Ndani yake mlikuwa na sanamu kumi za udongo, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti: Mariamu, Yosefu, mtoto, wachungaji wawili, mamajusi watatu, kondoo, na ng'ombe mwenye pembe moja. Pembe ya pili niliivunja mimi nilipokuwa na miaka saba. Mama hakunichapa. Aliokota kile kipande, akakitia kwenye bahasha ndogo, akaandika juu yake "pembe", akairudisha bahasha ndani ya boksi.

Kila Desemba, zikibaki siku saba, mama alipanda kiti, akalishusha boksi, akazipanga sanamu zake kwenye meza ya pembeni. Na kila Desemba baba alipita pale, akasimama, akatazama, akasema maneno yaleyale: "Ng'ombe hayumo katika Luka."

Ni kweli hayumo. Luka anataja hori tu, na kwa kuwa hori ni chombo cha kulishia mifugo, watu wakamweka ng'ombe pale hata bila kuandikwa. Wengine walimchukua kwa nabii Isaya, anayesema kwamba ng'ombe anamjua bwana wake. Na mamajusi, Mathayo hasemi popote kwamba walikuwa watatu. Zawadi ndizo zilizokuwa tatu. Baba aliyajua haya yote, kwa sababu alikuwa msomaji wa Biblia kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Alisali asubuhi na jioni. Alifunga. Alitoa sadaka bila mtu kujua. Ila Krismasi aliiacha kabla sijazaliwa, baada ya kuzipitia Injili zote nne akitafuta tarehe na asiione. Marko anaanzia ubatizo, Yohana anaanzia kwa Neno, na wawili waliosimulia kuzaliwa hawakutaja siku wala mwezi. "Nionyeshe mstari," alikuwa akisema, "nami kesho nitaimba nanyi."

Mama hakuwa na mstari. Alikuwa na jibu moja tu, na hakulibadilisha hata mara moja: "Mimi siadhimishi tarehe, Baba. Naadhimisha mtu."

Waliishi hivyo miaka arobaini na mmoja. Siku yenyewe ikifika, mama alitupeleka kanisani na baba alibaki nyumbani, akisoma au kutengeneza kitu kilichoharibika. Tukirudi alitufungulia mlango na kutuuliza, "Mmesali vizuri?" Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. Nasi tulimsimulia mahubiri na nani aliimba vizuri, naye alisikiliza hadi mwisho. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao mmoja wao alimlazimisha mwenzake. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndivyo nyumba zote zinavyokuwa.

Nilipokua nikakuta si hivyo. Nikakuta kwamba Desemba ikikaribia watu huanza kugombana: huyu anasema Krismasi imeibwa na wafanyabiashara, yule anasema ni upagani uliovishwa kanzu, mwingine anasema asiyeisherehekea hana shukrani, mwingine anasema anayeisherehekea hana akili. Mabishano hayo yananiuma zaidi ya yanavyostahili, nami najua sababu. Kila upande una hoja niliyoisikia mezani petu ikisemwa kwa upole na mtu ninayempenda.

Hoja ya tarehe, kwa mfano, si ya kudharauliwa. Maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo yanayoitaja tarehe 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa Kristo ni orodha iliyoandikwa Roma mwaka 354, zaidi ya miaka mia tatu baada ya tukio lenyewe. Wako wanahistoria wanaosema siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu Warumi walikuwa tayari na sherehe ya jua wakati huo. Wako wanaosema hapana, Wakristo wa kale walihesabu miezi tisa kuanzia tarehe 25 Machi, siku waliyoamini Mariamu alipata mimba. Hadi leo Wakristo wenyewe hawakubaliani siku. Kanisa la Armenia husherehekea tarehe 6 Januari. Waorthodoksi wa Ethiopia na wa Urusi husherehekea tarehe 7 Januari, kwa kuwa kalenda zao za kanisa ni tofauti na hii tunayoitumia. Ukraine ilikuwa pamoja nao kwa muda mrefu, kisha mwaka 2023 ikahamishia sikukuu ya taifa kwenye tarehe 25 Desemba.

Nilifanya kazi mwaka mmoja na mama mmoja Mworthodoksi. Tarehe 7 Januari alikuwa kazini kama sisi sote. Mapambo yalikuwa yameshatupwa, maduka yameshahamia kwenye punguzo la mwaka mpya, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsalimia kwa sikukuu yake. Nilikuja kujua wiki tatu baadaye, kwa bahati tu.

Wanaosema kwamba zamani Krismasi ilikuwa moja, safi, ya wote, sijui wanaizungumzia zamani ipi. Kisa ninachokirudia mara kwa mara ni cha Uingereza ya mwaka 1647. Bunge, likiwa mikononi mwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, lilipitisha amri ya kufuta sikukuu za Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Hoja yao ilikuwa ya baba yangu tupu: haimo katika Maandiko, na watu wanaitumia kulewa. Ilipofika Desemba ya mwaka ule, meya wa Canterbury akaamuru soko liwe wazi siku ya Krismasi. Wafanyabiashara wachache wakatii, wakafungua. Umati ukawavamia, ukazimwaga bidhaa zao, na mji ukaingia katika ghasia. Soma tena hapo: watu walivunja maduka *kwa sababu yamefunguliwa* siku ya Krismasi. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha wafanye biashara, nao walitaka siku yao. Ng'ambo ya bahari, koloni la Massachusetts lilipitisha mwaka 1659 sheria ya kumtoza faini ya shilingi tano yeyote atakayeacha kazi au kufanya karamu kwa ajili ya Krismasi, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Uskoti haikuifanya siku ya mapumziko rasmi mpaka 1958. Kuba iliiondoa kwenye orodha ya sikukuu mwaka 1969 ili isikatize mavuno ya miwa, ikairudisha mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alipokuwa anakaribia kuzuru.

Kila mara nikikisoma kisa cha Canterbury namfikiria baba. Alikuwa na hoja ileile ya Wapuritani na hakuwahi kumgusa ng'ombe wa mama. Alisema neno lake, akaendelea na safari yake ya kwenda jikoni. Hapo ndipo nilipouona mpaka ninaoujali kuliko mingine yote katika jambo hili. Kuamini au kutoamini ni kwa mtu na Mungu wake. Ninachokichunguza mimi ni kama mtu ameachiwa nafasi ya kukataa, na akikataa, kama bado ana nafasi mezani.

Ndiyo maana biashara inanisumbua. Haijanisumbua kwa kuwa watu wanauza na kununua; fundi akipata wateja Desemba, watoto wake nao wanasoma Januari. Inanisumbua kwa kuwa haikubali mtu akatae. Unaweza kuzima redio, lakini huwezi kuuzima mtaa.

Na haikuanza jana. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye marafiki wengi na muda mchache, alikuwa na barua nyingi za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja itakayotosha kwa wote. Zilichapwa elfu moja, zikauzwa shilingi moja moja, fedha nyingi kwa kibarua wa siku zile. Katikati ya kadi ile familia inainua glasi. Pembeni, upande huu mtu anamlisha mwenye njaa, upande ule anamvisha aliye uchi. Sadaka na biashara zilikuwa kwenye karatasi moja tangu mwanzo. Mwaka 1939 nchini Marekani, Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha kwa wiki moja Sikukuu ya Shukrani, kwa sababu mwaka ule iliangukia tarehe 30 Novemba na wenye maduka walilalamika kwamba siku za manunuzi ya Krismasi zingekuwa chache. Majimbo yakagawanyika, mengine yakafuata tarehe mpya na mengine yakang'ang'ania ya zamani, hadi Bunge lilipoamua suala hilo kwa sheria mwaka 1941. Siku ya kumshukuru Mungu ilisogezwa ili watu wapate wiki moja zaidi ya kununua. Nalitaja hili bila furaha yoyote.

Ninayo sababu yangu ya kulisema kwa uchungu, na si ya vitabuni.

Kuna mwaka nilipata kazi nzuri, ya kwanza nzuri, nikaamua Krismasi ile nitamwonyesha kila mtu. Nilikopa. Niliwanunulia wote: wazazi, wadogo zangu, shangazi, watoto wa dada yangu mkubwa. Dada yangu alikuja na watoto, akapokea, akashukuru. Mwaka uliofuata alisema ana udhuru. Mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu nilimfuata kwake, nikamuuliza kwa nini hatuji tena kuonana Krismasi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi sina cha kukurudishia. Nikija na mikono mitupu, wanangu wanaona."

Nilikuwa nimelipa deni lile la benki hadi mwezi wa saba. Deni nililomtwisha dada yangu sikujua hata kama lipo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami nilikuwa nikiisikia methali ile kama sifa kwa anayetoa. Dada yangu ndiye aliyenifundisha kuisikia kwa sikio la anayepokea. Mwanauchumi Joel Waldfogel aliandika mwaka 1993 kwamba wanafunzi aliowauliza walizithamini zawadi zao za sikukuu chini ya fedha iliyotumika kuzinunua, pungufu kwa kati ya sehemu ya kumi na theluthi. Hesabu yake ni ya fedha. Mimi nilipoteza miaka mitatu ya dada yangu, na watoto wake walirefuka bila mimi kuona.

Tulikubaliana siku ile: hakuna zawadi kati yetu tena. Anakuja, tunakaa, anaondoka. Watu wengine wa familia walitushangaa. Shangazi alisema tumeiua Krismasi. Namheshimu shangazi yangu, lakini katika hili alikosea, kwa sababu dada yangu yumo chumbani na miaka ile mitatu hakuwamo.

Jambo la pili nililojifunza nililijifunza kazini, na hapa nitakaa kidogo.

Kazi yetu haifungwi. Usiku na mchana lazima mtu awepo, sikukuu au si sikukuu. Katika kikundi chetu kulikuwa na mwenzetu Mwislamu, dada mtulivu, hodari, ambaye kila mwaka jina lake lilionekana kwenye zamu ya tarehe 25 Desemba. Miaka sita. Hakuna aliyelijadili. Sisi Wakristo tulimwambia "Asante sana, dada, Mungu akubariki," tukaenda zetu. Moyoni nilijiona nimefanya wema kwa kumshukuru.

Mwaka wa sita ilikuwa zamu yangu kupanga ratiba, nikafungua maombi ya likizo ya nyuma ili nione mfano. Nikaona maombi yake ya Idi. Sikukuu yetu imeandikwa kwenye kalenda miaka mia kabla; hata asiyeijua anaijua. Sikukuu yake inafuata mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hivyo Idi huhama ndani ya mwaka, na siku yenyewe huenda isijulikane hadi usiku wa kuamkia, mwezi ukionekana au usipoonekana. Kwa hiyo ilimbidi aombe siku mbili ili apate moja, na aombe mapema kitu ambacho hakina hakika. Fomu ya kazini haikuwa na nafasi ya maelezo hayo. Miaka miwili kati ya sita alikuwa amekataliwa. Mwaka mmoja jibu lilisema "siku zenye uhitaji mkubwa". Miaka yote hiyo alishika zamu yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kushika yake.

Nilimwendea nikiwa na maneno mengi ya kuomba radhi. Nikamwambia kwamba mwaka huu Krismasi nitashika mimi, apumzike.

Akanitazama. "Lakini mimi naipenda ile zamu," akasema. "Jengo linakuwa kimya. Simu hazilii. Nasoma, naswali kwa nafasi, hakuna anayeniharakisha. Msininyang'anye." Kisha, baada ya kimya kidogo: "Ila kuulizwa, hilo ningelipenda. Miaka yote sita, mara moja tu."

Sikuwa nimelitegemea jibu lile. Nilikuwa nimetoka kosa moja nikiingia la pili: kwanza niliamua kwa niaba yake kwamba hana neno, halafu nikaamua kwa niaba yake kwamba anateseka. Tulipanga upya. Yeye akabaki na tarehe 25 kwa hiari yake, na mimi nikajiandikisha kwenye siku zote mbili za Idi, iwe mwezi umeandama au haujaandama.

Tulizungumza mengi baada ya hapo. Aliniambia kwamba Isa bin Maryam ni nabii wake pia, kwamba kuna sura nzima katika Kurani yenye jina la mama yake, na kwamba humo Maryam anashikwa na uchungu chini ya shina la mtende, peke yake, akitamani angekuwa amekufa kabla ya hayo. "Kwetu hakuna hori wala wachungaji," akasema. "Kuna mwanamke na mti." Hakuisherehekea siku ile na hakutaka kuisherehekea, na aliona haya kumwambia bosi kwamba kofia nyekundu walizotugawia wote tuvae kazini zilimkera. Mimi ninayemwabudu huyo mtoto zilikuwa zinanikera vilevile, wala sikuwa nimesema.

Siku hizo ndipo nilipoisoma upya habari ya Luka, polepole, nikakutana na neno nililolipita maisha yangu yote. Biblia yetu ya Kiswahili inasema wale wachungaji walikuwa wakilinda kundi lao *kwa zamu usiku*. Kwa zamu. Habari ya kwanza ya Krismasi waliletewa watu waliokuwa kazini wakati wengine wamelala. Nilimsomea mwenzangu mstari ule. Akatabasamu, akasema, "Basi hao ni watu wangu."

Sitaki nionekane ninasema kwamba wenye imani ndio wenye haki zaidi na siku hii. Kuna mwenzetu mwingine kazini, haamini lolote na hafichi, ambaye ndiye anayepamba ofisi kila mwaka kwa mikono yake: nyota, taa, mti, kila kitu. Mwaka mmoja nilikuwa nimechoka, nikamwuliza kwa ukali kidogo, "Wewe unamsherehekea nani?" Akaendelea kufunga taa. Akasema, "Wanangu hukaa kwa mama yao. Mahakama ilinipa Krismasi. Siku tatu." Nikashika ngazi, nikamsaidia kumalizia upande wa juu. Huko Japani, ambako Wakristo ni kama asilimia moja tu ya watu na tarehe 25 Desemba si siku ya mapumziko, miji hung'aa taa usiku. Zamani ningesema ni taa tupu. Sasa sisemi, kwa sababu sijui nani pale amepewa siku tatu.

Kisha mama akafariki, mwezi wa kumi.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuiogopa Desemba. Wiki ya kwanza tu niliingia dukani kununua kitu cha kawaida, na kwenye spika ulikuwa ukipigwa wimbo ambao mama alikuwa akiuimba akizipanga sanamu. Sauti ya kuimba ikakatwa katikati ya ubeti, mtu akatangaza punguzo la mashuka, kisha ubeti ukaendelea. Niliacha kikapu pale pale sakafuni, nikatoka. Nilikaa nje kwenye ngazi, na watu walipita na mifuko yao, na wengine waliniambia "Heri ya Krismasi" kwa wema kabisa, na kila aliyeniambia alinipiga mahali palepale. Hawakuwa na kosa. Lakini tangu siku ile nawasikia tofauti watu wanaosema wanauchukia msimu huu. Zamani niliwaona wagumu. Sasa hujiuliza ni nani wao anayeimba kwenye spika.

Siku za nyuma kabla hajaugua, nilikuwa nimemsimulia mama jambo nililolisoma: kwamba mwaka 1223, pale Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliweka hori lenye nyasi, akamleta ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho jinsi mtoto alivyozaliwa katika uhitaji. Nikamwambia, basi mama, ng'ombe wako amekaa pale karibu miaka mia nane. Alifurahi sana. "Miaka mia nane si haba kwa ng'ombe," akasema, na akamwita baba aje asikie. Baba alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake. Akasema, "Hata hivyo hayumo katika Luka." Wakacheka wote wawili. Ilikuwa moja ya mara za mwisho kuwasikia wakicheka pamoja.

Desemba ile ya kwanza bila yeye, mimi na dada yangu na wadogo zetu hatukujua la kufanya. Mdogo wetu wa mwisho alitaka kila kitu kifanywe kama alivyokifanya mama, bila kuacha hata kimoja. Anayemfuata alisema hatakanyaga kanisani mwaka huo. Dada alisema tukae tu na baba, bila kuiita siku hiyo jina lolote. Mimi sikuwa na msimamo. Nilikuwa na usingizi tu, kila saa. Kwa mara ya kwanza nyumba yetu ilikaribia kugombana kwa ajili ya Krismasi, sisi tuliolelewa na watu wawili ambao hawakuwahi. Mwishowe dada alituuliza mmoja mmoja kwa simu, kila mtu anaweza nini na hawezi nini. Ikawa hivyo. Mdogo wetu alikwenda kanisani na dada. Anayemfuata alibaki na baba. Mimi nilikuwa nimebadilishana zamu na yule mwenzangu, kwa kuwa nilitamani ule ukimya wa jengo, naye akaniachia bila kuuliza sababu. Nilitoka asubuhi nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Baba alinifungulia mlango. Nilikuwa nimesahau kwamba mwaka huu hakuna wa kupanda kiti. Lakini boksi lilikuwa limeshushwa. Lilikuwa juu ya ile meza ya pembeni, limefutwa vumbi, kifuniko kimefungwa.

"Nimelitoa tu pale juu," baba akasema. "Kupanga ni kazi yenu. Mimi siwezi."

Kisha akarudi kwenye kiti chake na kitabu chake.

Sikungoja wengine warudi kanisani. Nilifungua. Niliviringua magazeti moja moja, mengine yakiwa na tarehe za zamani sana: Mariamu, Yosefu, wachungaji wa zamu. Bahasha ya mama ilikuwepo, na mwandiko wake juu, lakini nilipoishika ilikuwa tupu. Nikamtafuta ng'ombe. Alikuwa chini kabisa, amefungwa kwenye gazeti la wiki ile. Alikuwa na pembe mbili. Mstari wa gundi ulionekana kidogo, palipofutwa kwa kidole kabla haijakauka.

Nilimtazama baba. Hakuinua macho kutoka kwenye kitabu. Nikamweka ng'ombe karibu na hori.